Presha inayopanda akifunua sufuria: kisa cha mama lishe mmoja wa Dodoma

Mi nauza kwenye duka la dawa muhimu hapa Dodoma, mwaka wa nane huu. Sio daktari, hilo likae wazi mapema maana mtaani kila anayevaa koti jeupe ni dokta na nimeshaacha kubishana na watu. Kisa hiki ni cha mteja wangu, mama anayepika chakula maeneo ya Nanenane jirani na stendi kuu, nitamwita Mama Lishe basi. Ruhusa ya kuandika kanipa mwenyewe na nimemsomea yote kabla, alichokataa ni majina ya watoto na kijiji cha mume wake. Kuna vitu vidogo nimevibadilisha ila yaliyotokea ndo haya.

Kilichonifanya niandike ni kwamba kila nikisikia korona na afya ya akili vinaongelewa pamoja, wanaongelea kufungiwa ndani, upweke, mtu kukaa miezi peke yake na simu. Sisi hatukufungiwa. Shule zilifungwa kuanzia 17 Machi 2020, vyuo vikafunguliwa 1 Juni na shule zote 29 Juni, ila masoko yaliendelea, daladala ziliendelea, ibada ziliendelea, vijiwe vya kahawa ndo usiseme. Kwa hiyo ukihesabu kwa mtindo huo unaweza ukasema sisi tulipita salama. Mimi baada ya kukaa na huyu mama miaka mitatu naona kuna kitu kilituumiza ambacho hakina uhusiano na mlango kufungwa, nacho ni kuzika mtu wako halafu ugonjwa wake hakuna anayeutaja, na wewe mwenyewe huutaji.

Alivyoanza

Mara ya kwanza ilikuwa Mei 2021, saa tano asubuhi hivi, dukani hamna mtu. Kaingia anakimbia, aproni bado kavaa, kandambili mguu mmoja, mkono kifuani. "Dokta nakufa." Nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, jasho linatoka kama kamwagiwa maji, vidole vimekakamaa vimejikunja, midomo anasema haisikii ina ganzi, anapumua kama mtu aliyekuja mbio kutoka Ihumwa. Nikampima presha, 162 kwa 101. Nikamwambia mama una presha wewe. Hapo hapo nilikuwa nimeshakosea ila sikujua. Baada ya kama dakika 25 akatulia mwenyewe bila kumeza chochote, nikarudia kupima, 126 kwa 80. Presha ikishuka hivo bila dawa inabidi ujiulize maswali, mimi nikasema mashine betri zimeisha, nikaenda kununua betri mpya.

Ikajirudia wiki iliyofuata, halafu ikawa mara mbili kwa wiki, halafu kuna wiki ilikuwa kila siku isipokuwa Jumapili. Jumapili hapiki. Hiyo Jumapili ilikuwa mezani kwa miaka miwili na hakuna aliyeiona, mimi nikiwa wa kwanza.

Kilichofuata ni safari ambayo watu wengi wanaijua. Alienda zahanati wakamwambia taifodi na U.T.I., maana kibongo bongo ukienda popote na chochote hata umevunjika mguu hukosi taifodi na U.T.I., akachoma sindano siku tano. Akaenda kituo cha afya wakampa dawa za presha, akawa anameza anapata kizunguzungu anaacha, inapanda anarudi anameza. Akauza friji akaenda hospitali kubwa kidogo kupimwa moyo kwa zile waya za kubandika kifuani, majibu yakaja mazuri kabisa, daktari akamwambia "mama moyo wako mzima, punguza mawazo." Hiyo sentensi nataka nikae nayo kidogo. Punguza chumvi, punguza mafuta, punguza mawazo, kama vile mawazo yanapimwa kwa kijiko, na aliyeambiwa anatoka pale anajua vitu viwili tu, kwamba haaminiki na kwamba kosa ni lake. Yeye aliniambia siku ile alitembea mpaka nyumbani kwa mguu anajisemesha barabarani, "nayapunguza wapi, nayaweka wapi."

Kwenye maombi alienda, kwa mganga pia alienda, huko sitakaa sana maana ni stori ya kawaida, mganga alisema ni wivu wa biashara na kuna mtu kamwaga kitu jikoni. Ajabu ni kwamba mganga ndo mtu wa kwanza kusema neno jiko.

Halafu usingizi. Alikuwa hapati usingizi, akilala anashtuka saa tisa usiku saa ile ile kila siku, akawa anakuja kwangu ananunua Piriton maana Piriton inaleta usingizi na haina maswali. Mwanzo mbili, baadaye nne, nikawa nampa. Nilijua sio za mafua. Kuna siku nikakuta kwenye pochi yake vidonge vya usingizi kavipata duka lingine, vile ambavyo havitakiwi kuuzwa bila cheti cha daktari maana mwili unavizoea haraka ukaja kuvidai, na hata hapo nilichofanya ni kugomba tu. Niliona namsaidia kwa kutouliza. Mtu anayesimama nyuma ya kaunta kazi yake ni kuuliza, mimi nilikuwa nahesabu vidonge.

Biashara ikashuka. Akaajiri binti wa kumsaidia, na akawa anasema binti ndo afunue masufuria kwa sababu yeye "macho yanawasha." Tukaamini macho yanawasha.

Swali la nesi

Machi 2023 hali ile ilimkuta akiwa peke yake, binti kaenda sokoni, wateja wakambeba kwenye bajaji wakampeleka hospitali. Kulikuwa na nesi mmoja zamu ile, mtu mzima, taratibu, alipoona vipimo vyote vizuri hakusema punguza mawazo. Alivuta kiti akamuuliza, "mama, dakika ile kabla hujaanza kujisikia vibaya, ulikuwa unafanya nini?"

Napika.

"Unapika nini?"

Wali.

"Ulikuwa umefika wapi?"

Nilikuwa nafunua niangalie kama maji yamekauka.

"Na juzi?"

Maharage. Nilikuwa nafunua.

Mama Lishe anasema alivyojisikia akijibu hivo mara ya pili ndo na yeye akasikia. Akaanza kulia pale pale kitandani na nesi hakumwambia nyamaza. Nimekaa nikafikiria sana hilo swali, halihitaji mashine wala hela, na kwa miaka miwili watu tuliokuwa tunampima na kumdunga na kumwombea hakuna aliyeuliza alikuwa anafanya nini dakika ile.

Februari

Waliokuwepo Dodoma Februari 2021 wanakumbuka. Takwimu za korona zilitolewa za mwisho mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, halafu ikawa kimya mpaka katikati ya 2021. Ilipofika mwanzoni mwa 2021 watu wanaumwa tena, ila jina halipo, kuna nimonia kali, kuna changamoto ya upumuaji, kuna "kabanwa." Tarehe 17 Februari akafariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kule Muhimbili na usiku wa siku hiyo hiyo akafariki Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, hapa hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mtaani watu wakawa wanaongea kwa macho. Mimi dukani naishiwa vitamini C kila siku mbili, naishiwa zinki, naishiwa dawa za kuchua, na kila mtu jioni anachemsha nyungu, ule mvuke wa majani wa kujifukiza.

Mume wa Mama Lishe alikuwa fundi rangi, alikuwa anafanya kazi kwenye majengo kule Mtumba, mji wa serikali. Miaka 51, mtu wa utani sana, Mgogo wa upande wa Bahi na mkewe Mnyaturu wa Singida kwa hiyo nyumba ile utani ulikuwa hauishi. Alianza mafua, siku ya nne homa, siku ya sita akawa anaongea maneno matatu anapumzika. Hospitali alikataa, alisema wakienda hawarudi. Kwa hiyo mkewe akafanya kile ambacho kila mtu alikuwa anafanya na viongozi walikuwa wanakisifia, akachemsha mwarobaini, mchaichai, majani ya mkaratusi, malimao, tangawizi, akamkalisha kwenye kigoda na sufuria katikati ya miguu akamfunika blanketi. Na dawa ya kuchua aliyoitia humo kijiko kizima aliinunua kwangu saa kumi na mbili jioni, hilo nalo niliseme.

Mume chini ya blanketi akasema nashindwa. Yeye akamwambia vumilia mume wangu, dakika tano tu, akawa kashikilia pembe za blanketi kwa chini mvuke usitoke. Akasema tena nashindwa. Akamwambia vumilia. Halafu akanyamaza, na mke akafurahi kwamba imeanza kumwingia. Alipofunua, mvuke ukampiga usoni na mume wake midomo imebadilika rangi, macho yanamwangalia.

Hakufa pale. Walihangaika naye usiku, saa tisa akazidiwa, bajaji ikapatikana saa kumi, hospitali walimpokea na kumwekea oksijeni na kulipokucha akafariki. Cheti kikaandikwa nimonia. Kijijini walizika siku hiyo hiyo, watu wachache na wamekaa mbali mbali, waliokuja walitoa mkono wa pole wa ishara, wakala ugali wa uwele na mlenda kila mtu na kipande chake cha kivuli, siku ya tatu watu wameshatawanyika.

Msiba uliokosa simulizi

Hapa ndo penye kisa chenyewe kwa mtazamo wangu, kwa hiyo mnivumilie nikienda taratibu.

Msiba wetu una kazi moja ambayo hatujawahi kuiita kazi. Mtu akifika msibani, akishalia, akishakaa kwenye mkeka, anauliza, "alikuwa anaumwa?" Na mfiwa anasimulia. Aliamka vizuri, akasema kichwa, tukampa panado, mchana akala kidogo, ikafika jioni. Anakuja mwingine anauliza, anasimulia tena tangu kuamka. Mpaka siku ya arobaini mke wa marehemu kashasimulia kifo cha mumewe mara hamsini, mia, kila mara kuna mtu kamshika mkono, kila mara inapungua makali kidogo, na mwisho wa siku kile kitu kimekuwa hadithi yenye mwanzo na mwisho badala ya kuwa picha inayokurukia. Hakuna anayetulipa, hakuna cheti ukutani, lakini ile ni tiba.

Mama Lishe hakuulizwa. Watu waliogopa kuuliza kwa sababu jibu walikuwa wanalijua na lilikuwa halisemeki. Waliouliza aliwajibu "nimonia" wakasema aah, pole, wakanyamaza. Na yeye kusimulia mwenyewe alikuwa hawezi maana ndani ya stori kuna blanketi, na akisimulia itabidi afike kwenye blanketi. Mashemeji walikuwa wameshaanza kunong'ona kwa nini hakumwahisha. Kwa hiyo hakusimulia hata mara moja. Miaka miwili. Nesi alikuwa mtu wa kwanza kusikia kuhusu blanketi, hata watoto walikuwa hawajui na walikuwa chumba cha pili.

Kuna jambo lingine aliniambia ambalo mimi lilinivunja. Rais Magufuli alipofariki 17 Machi 2021, nchi nzima ikaambiwa na Mama Samia siku hiyo hiyo usiku, na 22 Machi ikawa shughuli ya kitaifa pale uwanja wa Jamhuri, marais wa nje wamekuja, barabarani watu wamejipanga. Mama Lishe alifunga biashara akaenda kusimama barabarani tangu asubuhi. Alilia mpaka akaanguka, wakinamama asiowajua wakamshika wakampepea, wakamwambia pole mama, ametuachia pengo. Yeye alikuwa analilia mume wake. "Nilipata pa kulilia," ndo alivyosema, "watu wengi, muziki wa maombolezo, na hakuna wa kuniuliza nalia nini." Rais tulitangaziwa ni moyo, wa kwake cheti kilisema nimonia, yeye alichoona ni kwamba kuna mtu kazikwa kwa nafasi kubwa na kuna mtu kazikwa haraka haraka, na tofauti ya siku haifiki hata mwezi mmoja na nusu.

Halafu Julai ile ile ya 2021 chanjo zikaingia, zaidi ya dozi milioni moja za Janssen, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa hadharani na neno korona likarudi redioni kila saa. Ungetegemea hapo ndo apate nafuu, ugonjwa umepata jina. Ilikuwa kinyume. Mwezi uliofuata ndo ulikuwa mbaya kuliko yote, ile wiki ya kila siku ni Agosti. Nilimuuliza kwa nini, akasema mpaka wakati ule alikuwa anaweza kujiambia labda kweli ni nimonia, na jina liliporudi likarudi na lawama, kumbe ilikuwepo, kumbe alitakiwa oksijeni, na mimi nilimfunika blanketi. Na mume wake hayupo kwenye hesabu yoyote. Sio kwenye zile 509 na sio kwenye zilizofuata.

Shirika la Afya Duniani lilisema Machi 2022 kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 mwaka wa kwanza wa janga, na wanawake na vijana ndo waliguswa zaidi. Sina ugomvi na namba hiyo. Ila huyu mama kwenye makaratasi yote aliyopitia alikuwa presha, taifodi, U.T.I. na vidonda vya tumbo, sasa namba kama hizo zikikusanywa kutoka kwenye madaftari ya mapokezi kama yetu atahesabiwa kwenye fungu gani?

Mwili ulikuwa unafanya nini

Nieleze kidogo maana hili linaponya watu wakilijua. Kile kinachomtokea kinaitwa shambulio la hofu. Mwili una kengele ya hatari, ikilia moyo unakimbia, presha inapanda, unapumua haraka ujiandae kukimbia au kupigana. Ukipumua haraka kuliko mwili unavyotumia unatoa hewa ya kaboni nyingi mno kwenye damu, na hiyo ikipungua sana ndo vidole vinakakamaa, midomo inapata ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, na wewe ukiona hivo unasema nakufa, hofu inaongezeka, unapumua zaidi. Inafika kileleni ndani ya dakika kama kumi halafu inashuka yenyewe. Sio maigizo. Presha ile 162 ilikuwa ya kweli, mashine yangu haikuwa na shida na betri.

Kengele yake ilikuwa imefungwa kwenye mvuke usoni baada ya kufunua. Na kila alipokimbia jiko akapata nafuu, mwili ukajifunza kwamba jiko ni hatari kweli na kukimbia ndo kunaokoa, kwa hiyo mara nyingine inakuja mapema zaidi. Binti wa kufunua masufuria, aliyeajiriwa kwa nia njema, alikuwa anaulisha ugonjwa. Juu ya hapo kuna msiba uliokwama, wataalamu wa sasa wanautambua kabisa kama ugonjwa, mwongozo wa kimataifa unasema angalau ipite miezi sita na mtu bado kashikwa na msiba kuliko kawaida ya watu wake. Hayo maneno ya mwisho, kawaida ya watu wake, nayapenda, maana kwetu mtu kulia mwaka sio ugonjwa.

Kwenda Mirembe

Nesi alimwandikia aende Mirembe. Hapa wa nje ya Dodoma labda hawaelewi. Mirembe ipo tangu 1927, ndo hospitali ya taifa ya afya ya akili, na jina lake limekuwa tusi nchi nzima, mtu akikosea kitu anaambiwa wewe wa Mirembe, na sisi tunaoishi nayo mji mmoja tunatupiwa hilo jiwe kila tukisafiri. Ile karatasi Mama Lishe aliiweka chini ya godoro miezi miwili. Alisema mashemeji wakijua watasema alimuua ndugu yao kwa sababu ni kichaa, na watoto watanyang'anywa kiwanja.

Alipoenda alimwambia wa bajaji amshushe mbele kidogo akatembea, kajifunika khanga mpaka puani. Alichokuta ni foleni ya watu kama yeye, mwalimu, askari, binti wa chuo na begi lake mgongoni, na mama mmoja anayemuuzia vitumbua kila siku akamkuta kakaa benchi la mbele. Wakaangaliana. Walicheka wote wawili.

Wakampa yale maswali tisa, umepoteza hamu ya vitu, unalala vipi, unajiona umeshindwa, kila swali alama sifuri mpaka tatu kwa wiki mbili zilizopita, jumla ni 27, yeye alipata 17. Wakamwanzishia kidonge cha kila asubuhi, na hapa mimi muuza dawa ndo nilipata nafasi ya kurekebisha makosa yangu, maana wiki ya pili alikuja na kichefuchefu anataka kuacha, anasema haisaidii kitu. Dawa za aina hii maudhi yake yanawahi na faida inachelewa, wiki mbili tatu nne hivi, na wengi wanaacha hapo katikati. Nilimbembeleza siku hadi siku, njoo kesho, njoo kesho tena. Akafika wiki ya tano akaniambia kalala mpaka saa kumi na moja.

Ila mimi siamini kidonge peke yake kingetosha. Kilichobeba ni vikao. Kila wiki mbili anakaa na mtaalamu anasimulia usiku ule, tangu kuamka, macho kafumba, mpaka kwenye blanketi, mpaka bajaji, halafu anarudia tena. Kikao cha kwanza aliishia kwenye mwarobaini. Cha tatu ndo akafunua. Yani kwa maneno mengine wakamfanyia kile ambacho mkeka wa msiba ungemfanyia bure Februari ile, kama watu wangekaa na wangeuliza alikuwa anaumwa nini.

Na jikoni hivo hivo, ngazi kwa ngazi. Sufuria tupu afunue. Maji ya baridi afunue. Ya vuguvugu. Anatoa pumzi ndefu taratibu kama anapuliza uji, na akipatwa asikimbie, akae mpaka ishuke. Ya kuchemka ilichukua wiki saba. Mwarobaini mpaka leo bado, na hakuna anayemlazimisha.

Kuhusu lawama, mtaalamu mmoja alimwambia hukumuua, futa hilo kichwani, na haikusaidia, alirudi kakasirika. Kilichosaidia ni daktari aliyemweleza kitaalamu kwamba mapafu yalikuwa yameshajaa, mvuke haufiki huko chini, haukumuua na haukuwa unamtibu, kilichokuwa kinahitajika ni oksijeni. Akauliza, ningemwahisha saa kumi na mbili ile jioni angepona? Daktari akamwambia sijui mama, wengine waliowahi walikufa na wengine walipona, na yeye mwenyewe alikataa kwenda. Naona lile "sijui" lilifanya kazi kuliko kufarijiwa. Mimi nilimwambia na langu, kwamba dawa ya kuchua nilimuuzia na wateja wengine niliwaambia wajifukize. Alinyamaza muda. Akasema, "kwa hiyo na wewe unaamka saa tisa?" Nikasema siamki saa tisa, lakini nakumbuka.

Alipo sasa

Alipunguziwa dozi mwaka jana, ana siku mbaya Februari kila mwaka na sasa anafunga biashara wiki ile bila kudanganya macho yanawasha. Mashemeji walikuja kujua, mmoja akaongea maneno, mkubwa wao akamnyamazisha, akaomba asimuliwe, akasimuliwa kijijini pale pale pembeni ya kaburi, na kiwanja kipo. Mtoto wa pili, yule aliyekuwa chumba cha pili, yeye hataki kabisa kuongelea baba na kaanza kunywa, huko bado hatujafika.

Wiki iliyopita kaja dukani saa nne asubuhi, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nipe Piriton. Nikamwangalia. Akaona ninavyomwangalia akacheka mpaka akashika kaunta, halafu akapiga chafya tatu mfululizo. "Mafua haya mwanangu, vumbi la Dodoma hili hulijui?"

Nikampa nne.